Kabla Hujashika Mguu wa Mtu

Mzee aliingia kibandani kwangu Sironga asubuhi moja, mvua imekatika sasa hivi, akakiacha kikapu chake cha chai mlangoni, akaketi na kuvua gambuti. "Mwalimu," akasema, maana watu wa hapa wangali wananiita mwalimu ijapokuwa niliacha chaki miaka tisa iliyopita, "miguu imenichosha. Nikande kidogo nirudi shambani." Nikamwosha mguu wa kulia, nikaukausha hadi katikati ya vidole, nikauinua kuelekea dirishani. Chini ya kidole gumba, ndani ya sugu, palikuwa na kitu cha kahawia, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kilikuwa kijiti cha mchai uliopogolewa, kimetoboa soli ya gambuti na kuzama nyamani. Ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba na kung'aa, na nilipoigusa kwa mgongo wa mkono ilikuwa na joto kuliko unyayo uliobaki.

"Mzee, hapa hapakuumi?"

"Wapi?"

Nikabonyeza kando ya kile kijiti. Alikuwa akitazama magari barabarani, uso umetulia kabisa.

Sikumkanda. Nilifunika kidonda kwa kitambaa safi, nikamwita kijana wa bodaboda, nikamwomba mzee aende hospitali ya kaunti pale Nyamira na awaambie wampime sukari. Alinikasirikia. Alikuja kutafuta raha ya nusu saa, mimi nikampa safari na gharama. Lakini jioni ile, nikifua taulo ambayo haikutumika, nilijua kwamba nimeanza kuiva katika kazi hii.

Ninaanza na mzee huyo kwa sababu watu wengi huniuliza jinsi ya kuingia katika refleksolojia, yaani ukandaji wa nyayo kwa kubonyeza sehemu maalumu. Wanaoniuliza ni walimu waliostaafu wakiwa na miaka 60 na nguvu bado wanazo, makarani walioachishwa kazi, mama aliyefunga duka la nguo, kijana aliyesomea uhasibu na hana pa kuhesabu. Karibu wote husema neno moja: wanahisi wameitwa. Mimi sidharau neno hilo. Huku Gusii, ambako makanisa yamejaa Jumamosi na Jumapili, mtu hasemi ameitwa kwa mzaha. Ila ningependa tukae nalo kidogo kabla hujauza ng'ombe kulipia mafunzo.

Utazame nyuma kwanza. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 14, kisha nikauza viatu vya mitumba sokoni kwa miaka mitano. Siku zile za viatu niliziona kama kuanguka: mwalimu mzima amepiga magoti matopeni, anamvisha mteja kiatu. Kumbe nilikuwa darasani. Nilijifunza kwamba mguu wa asubuhi na mguu wa jioni si mmoja, kwa sababu umevimba mchana kutwa. Nilijifunza kwamba akina mama wengi huvaa kiatu kidogo kuliko mguu, na kidole cha pili hupinda kama ndoano. Nilimjua mfyatua matofali wa kinamasi chetu cha Sironga kwa visigino vyake vilivyopasuka, udongo umekaa ndani ya nyufa hata baada ya kuoga, na nilimjua mchumaji wa chai kwa kucha zilizobanwa na gambuti. Watu wakikaa kuvaa kiatu huanza kueleza: hapa panawaka usiku, hapa pamekufa ganzi tangu nijifungue. Nilikuwa nikisikiliza miguu ya watu miaka mitano bila kujua kwamba kuna watu wanaoifanya kazi hiyo rasmi. Na darasani, kabla ya hapo, nilikuwa nimezoea kumtambua mtoto aliyekuja na njaa kwa namna anavyokaa.

Kwa hiyo usiniambie tu kwamba uliota ndoto au mhubiri alikuwekea mikono. Niambie kazi uliyotoka nayo ilikufundisha nini kuhusu mwili wa mtu mwingine. Fundi cherehani amezoea kupima bega bila kulitia aibu. Msusi amezoea kumshika mtu kichwa saa tatu na kumsikiliza bila kupeleka maneno nje. Muuguzi aliyestaafu ana macho ambayo mimi nitayatafuta maisha yangu yote. Ukitafuta ukakosa kabisa, ukaona kwamba miaka yote ulipenda meza na karatasi na hukupenda watu kukukaribia, basi huenda unachokitaka ni kutoka ulikokuwa, na hilo ni jambo la halali lakini lina njia nyingine.

Halafu ijaribu, tena kwa bei rahisi. Usiache kazi. Chukua beseni, taulo mbili, sabuni na kiti kifupi, uwaoshe na kuwakanda polepole watu 30 bure, jioni za wiki. Bado hujui kitu, basi usibonyeze kwa nguvu wala usidai chochote. Unajipima wewe, humtibu mtu. Usiwachague dada zako na marafiki peke yao. Mkande jirani mliyegombania mpaka wa shamba. Mkande mtu ambaye miguu yake inanuka. Mkande anayeongea bila kupumua, na yule asiyetamka hata neno. Ukifika wa ishirini na tano, siku ya Ijumaa, mgongo unauma, mkaa umeisha na mtu anabisha hodi, angalia moyo wako unasemaje. Mimi wa kumi na nane alinishinda, nikaahirisha, kisha baada ya siku tatu nikajikuta ninafikiria kisigino chake.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi lisemwe. Fani hii kwa sura yake ya leo haikutoka Misri ya mafarao wala kwa babu zetu moja kwa moja, hata kama watu wamekandana miguu tangu zamani. Ilianza Marekani. William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo mjini Hartford, aliugawa mwili katika kanda 10 za kwenda juu na chini, na mwaka 1917 akachapisha kitabu juu ya hilo pamoja na Edwin Bowers. Baadaye Eunice Ingham, mtaalamu wa viungo aliyezaliwa 1889, alifanya kazi na daktari Joe Shelby Riley huko Florida, akaanza kuchunguza nyayo za wagonjwa moja baada ya nyingine na kuchora ramani: hapa ini, hapa figo, hapa mapafu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1938, akiwa na miaka karibu 50, na akazunguka akifundisha karibu hadi kufa kwake mwaka 1974. Ninampenda mwanamke huyo. Alikuwa tayari na kazi yake nzuri, na kile alichokiona ndani ya kazi hiyo kikampeleka kwingine.

Lakini ramani yake haijathibitishwa. Profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alipitia majaribio yaliyofanywa na watafiti mbalimbali, akatoa matokeo mwaka 2009 na tena 2011 pamoja na wenzake, na hakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshaning'iniza ramani ukutani. Nililala vibaya. Asubuhi nikajiuliza nimeona nini kwa mikono yangu, bila kuongeza chumvi. Nimeona watu wakilala kitini dakika ya kumi. Nimeona mabega yakishuka. Nimeona mama aliyekuja amekunja uso akiondoka akitembea kwa raha, na akarudi mwezi uliofuata kwa sababu usiku ule alilala. Sijaona figo ikipona. Tangu hapo ramani iko ukutani na ninaitumia kupanga mwendo wa kidole changu, lakini sijamwambia mteja yeyote kwamba ini lake lina shida. Ukiingia katika kazi hii, ninakusihi uanzie hapo nilipofika mimi kwa kuchelewa. Mtu akiambiwa na mkandaji kwamba figo zake ni nzima, anaweza kuacha kwenda kupimwa, na huyo mtu ni mama wa watoto fulani.

Pumziko ni kitu kikubwa, tena hapa kwetu. Kila mguu una mifupa 26, miwili ni 52, robo nzima ya mifupa ya mwili, na mtu wa Nyamira huibebesha yote milima ya chai, mzigo wa ndizi na njia ya mtoni. Nani amewahi kumshika bibi yako mguu kwa upole, isipokuwa siku aliyozaliwa?

Juu ya mafunzo. Abagusii walikuwa na ababari, mafundi waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuondoa vipande vya mfupa, na madaktari wa Ulaya waliandika habari zao kwa mshangao. Hakuna omobari aliyeanza kwa kuamka asubuhi na kuchukua kisu. Alikaa na bingwa, mara nyingi baba au jamaa yake, akimsaidia, akitazama, miaka. Sisi tunashika miguu, hatari yetu ni ndogo, lakini utaratibu ule wa kukaa chini ya macho ya mwenye kujua ndio ninaoutamani urudi. Mimi nililipa chuo kimoja cha mjini ada ya mwezi mzima, wakanipa cheti chenye mhuri wa dhahabu baada ya siku nne. Nilikuwa nimegusa miguu miwili tu, yote ya mwanafunzi mwenzangu, na mwalimu alikuwa kwenye simu. Ilinibidi nianze upya mahali pengine, na hela ile ilikuwa ya mbegu na mbolea.

Ndiyo maana, kabla ya kulipa, uliza maswali makavu. Chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi? Nitakanda miguu ya watu wangapi wageni, mwalimu akiwa amesimama kando yangu? Mnafundisha mifupa, mishipa ya damu na neva, au ramani peke yake? Mnafundisha wakati wa kutokanda? Swali la mwisho ndilo kipimo changu. Mwalimu akiduwaa, mshukuru na uondoke.

Maana wakati wa kutokanda ni nusu ya kazi. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una moto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse: huenda kuna damu iliyoganda, na ikisukumwa inaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Mgonjwa wa sukari hupoteza hisia za nyayo, kama yule mzee wangu. Kwake usitumie nguvu, na maji ya kumwosha yapime wewe kwa kiwiko, kwa sababu yeye ataungua akikuambia yako sawa. Kidonda, funza, ukungu kati ya vidole, kidole gumba kilichovimba ghafla usiku kwa gauti, mtu anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, mjamzito ambaye hajaenda kliniki: wote hao waone mhudumu wa afya kwanza. Andika kila mteja katika daftari na ulifungie, kwa maana siri ya mwili wa mtu ni amana.

Na usijiite daktari. Usijiite mtaalamu wa fiziotherapia pia, hao wana sheria yao ya mwaka 2014 na baraza linalowasajili. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala, na inaitaka serikali iziwekee sera na chombo cha kuzisimamia. Kwa hiyo nenda ofisi za kaunti, uliza unatakiwa kuwa na karatasi gani wakati huo, lipia leseni ya biashara, uibandike mahali inapoonekana.

Kuna mambo ya kwetu ambayo hakuna chuo kitakufundisha. La kwanza ni chinsoni, ile heshima na haya kati ya kizazi na kizazi kinachofuata. Mimi siwezi kumshika mguu baba mkwe wangu, wala mkwe aliyemwoa binti yangu, hata aumwe namna gani, na wao wasingekubali. Usijaribu kuwa wa kisasa juu ya hilo. Jua mkandaji mwingine wa kuwapelekea, na yeye akuletee wa kwake. Kwa mwanamume anayetaka kazi hii: mkande mama wa watu mlango ukiwa wazi, na aliyemsindikiza akae humo humo.

La pili ni zito zaidi. Tunaishi mahali ambapo mzee anaweza kupoteza maisha kwa neno moja. Oktoba 2021, kule Marani, kaunti jirani ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa wakidaiwa kuwa wachawi. Mtu mwenye chupa za mafuta, mchoro wa mguu wenye rangi ukutani na wateja wanaotoka macho yamelegea anaweza kuanza kusemwa, hasa akiwa mjane, hasa akiwa mzee. Basi fanya kazi mbele za watu. Kibanda changu kina mlango wa kioo kuelekea barabarani na pazia halifiki chini. Mafuta ni ya nazi, yako katika chupa aliyouza muuza duka, na nembo sikuibandua. Nilimwalika chifu msaidizi, mchungaji na wanawake wa chama chetu wakae, waulize, washikwe miguu. Nilieleza kwa Ekegusii kila ninachofanya. Usione ni kujishusha. Unajilinda wewe, na unamlinda bibi mwingine atakayefanya kazi hii baada yako.

Pesa, kwa ufupi. Nilianza kwa shilingi 200 nusu saa na miezi sita ya kwanza biashara ya viatu ndiyo iliyonilisha. Mfuko wa watu wetu unafuata chai: malipo ya kila mwezi ni ya unga na sabuni, bonasi ikija mwezi wa Oktoba watu wanakumbuka miguu yao, na Januari karo inakula kila kitu. Weka akiba ya Oktoba kwa ajili ya Januari. Nunua taulo nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu alasiri nyingi mvua inanyesha na taulo haikauki, na taulo yenye unyevu iliyomfuta mtu mmoja usimpe mwingine.

Ulinde mwili wako. Mwaka wa pili kiungo cha kidole gumba changu cha kulia kiliuma hata nikashindwa kumenya ndizi. Nilikuwa nikibonyeza kwa nguvu za kidole. Fundi mzuri huegemeza uzito wa mwili, mkono wa pili unashika mguu kwa nyuma, na kidole kinatambaa kidogo kidogo kama kiwavi, kutoka kisiginoni kupitia uvungu wa unyayo hadi chini ya vidole. Kata kucha, vua pete. Kiti chako kiwe kifupi kuliko cha mteja. Watu watano kwa siku wanatosha. Na ukikanda, tazama uso zaidi ya mguu: kope zikikaza, umebonyeza mno, hata kama anasema endelea. Wazee wetu watasema endelea.

Kabla ya yote hayo mimi huishika miguu yote miwili, viganja juu ya nyayo, bila kufanya chochote, pumzi kama kumi hivi. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza siku za viatu, mteja akisitasita kama anunue, nikawa nimeshikilia kisigino chake nikimsubiri aamue.

Yule mzee alirudi baada ya wiki saba. Sukari ilikuwa juu, walimkata kipande cha nyama na kumfunga, na alikuwa ameanza dawa. Aliingia na fimbo, mguu wa kulia umefungwa bendeji nyeupe, akaketi kwenye kiti kile kile na kuutazama ule mguu mzima.

"Bwakire, mwalimu," akanisalimu. "Huu hawakuukataza."

Nikamwomba barua ya kliniki, nikaisoma yote, nikapima maji kwa kiwiko, nikaanza kuuosha wa kushoto.